Menyu mbili za historia za nini?

Jamani watengenezaji programu wenzangu, leo sina somo la kuandika msimbo. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe unahusu vile vitufe viwili vya mishale: Nyuma na Mbele.

Fungua programu yoyote ya tarakilishi ambayo mtu huzunguka ndani yake: kivinjari, programu ya faili, programu ya hesabu za duka. Mishale utaikuta. Lakini mtu akitaka kurudi hatua sita kwa mara moja, anahitaji menyu ya kumwonyesha alikopita. Hapo ndipo madudu huanza.

Dudu la kwanza ni menyu mbili: orodha moja ya Nyuma, nyingine ya Mbele. Ukirudi hatua mbili, kule ulikotoka kumehamia orodha ya pili. Mtumiaji hayajui hayo. Anachojua ni kwamba kitu kimepotea. Safari ya mtu ni mstari mmoja, iweje tuukate vipande? Internet Explorer 7 ya mwaka 2006 ilikuwa na orodha moja, na alama kwenye ukurasa uliopo. Firefox 3 ya mwaka 2008 ikafanya vivyo hivyo. Jibu tulikwisha kulipata! Lakini Chrome hadi leo ina orodha mbili, tena zimefichwa: sharti ubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, au ukandamize mshale na kusubiri. Kwenye kitufe hakuna kishale cha kukuambia kuna menyu hapo. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi ngama yenyewe tumeifunika.

Dudu la pili ni majina, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Niliwahi kuona programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Menyu yake ya historia ilisomeka hivi: Mwanachama, Mwanachama, Mwanachama, Malipo, Mwanachama. Hayo ni majina ya madirisha, si ya watu! Karani ana foleni mbele yake, anataka kurudi kwa mama aliyemhudumia dakika tano zilizopita. Atachagua yupi? Atabahatisha, na akibahatisha vibaya, pesa za mama huyo zinaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kisha tutamlaumu karani. Andika jina la mwanachama na nambari yake. Data unayo tayari, na kazi hiyo haimalizi hata nusu saa.

Dudu la tatu ni kutupa njia. Mtu amefungua A, B, kisha C. Akarudi A, akafungua D. B na C zimefutika kwenye mishale, kama hakuwahi kufika huko. Kwa nini? Kwa sababu sisi tulifundishwa chuoni kutumia marundo mawili, na rundo la Mbele linafutwa mtu akishika njia mpya. Hiyo ni rahisi kwetu, si kwake. Vim 7, ya mwaka 2006 pia, huhifadhi matawi yote ya mabadiliko ya maandishi, hata uliyotengua kabla ya kuandika kitu kipya. Kama kihariri cha maandishi kinaweza, programu yako inashindwa na nini?

Najua mtaniambia: "Matawi yatamchanganya mtumiaji." Kweli, ukimchorea mti atachanganyikiwa. Basi usimchoree! Acha mishale ifanye kazi yake ya kawaida. Chini ya menyu piga mstari, kisha orodhesha mahali alipopita karibuni kwa mpangilio wa wakati, bila kujali matawi. B na C zitakuwa hapo, naye hatahitaji kujua tawi ni nini.

Kwa hivyo ninachodai ni haya: menyu moja, alama ya ulipo, kishale kinachoonekana, majina yanayotofautisha, na pasipotee mahali mtu alipokwisha kufika. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji maktaba mpya wala shahada ya pili. Linalohitajika ni kukaa karibu na karani mmoja asubuhi moja, ukimtazama akitafuta njia ya kurudi.