Flashi ya ramani ya gari: toza na kazi yako

Wauzaji wenzangu, kutuma flashi ya ramani kwa mteja wa Ruangwa bila kuijaribu ni kuchezea faida yako. Ikigoma kwenye gari inarudi na basi, na nauli ni juu yako.

Muulize kwanza redio ya gari lake ni ya aina gani. Nyingi zinasoma FAT32, ila hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4. Hapo unahitaji exFAT, kama redio inaikubali. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha vitu vyake kwanza. Flashi feki inaandikwa GB 64 kumbe ndani GB 8. Ijaze yote kwa programu ya H2testw ujue ukweli.

Na gari la Japani lenye ramani ya Japani, usimdanganye mtu. Kama mtengenezaji hana ramani ya Tanzania ya redio hiyo, flashi haitamwonyesha Nachingwea. Mwambie kabla hajalipa.

Kazi yote hiyo itoze. Akiuliza mbona flashi ya dukani ni rahisi, mjibu: yangu imejaribiwa.