Wingi wa Chaja si Hoja

Mpendwa mtahiniwa, magari ya umeme yameanza kuonekana katika barabara zetu, na huenda ukakutana nayo katika mtihani pia: kwenye insha, kwenye ufahamu au katika swali la fizikia. Watahiniwa wengi wakiulizwa kuyahusu huandika mambo yale yale. Hayatoi moshi. Hayapigi kelele. Bei yake ni ghali. Hoja hizo si mbaya, lakini zinaliacha nje swali ambalo msafiri hujiuliza kabla ya mengine yote: nikishika safari ya mbali kwa gari hili, nitafika?

Msimamo wangu ni huu. Nchi haiwezi kujisifu kuwa iko tayari kwa magari ya umeme kwa kuhesabu chaja ilizosimamisha kando ya barabara. Kipimo cha haki ni kimoja: kati ya wasafiri mia moja waliosimama ili kuchaji, ni wangapi walioondoka wakiwa wamechaji? Soma makala haya ukiwa na kalamu mkononi, kwa maana tutapiga hesabu pamoja.

Kwa nini msafiri anahitaji chaja ya haraka

Chukua gari lenye betri ya kilowati-saa 60. Tuseme limefika kituoni likiwa na asilimia 20 ya chaji, na dereva anataka kufikisha asilimia 80. Anahitaji asilimia 60 ya 60, yaani kilowati-saa 36.

Akitumia soketi ya kawaida ya nyumbani, yenye volti 240 na ampea 13, atapata wati 3,120, ambazo ni kilowati 3.12. Gawanya 36 kwa 3.12. Atasubiri takriban saa kumi na moja na nusu. Akipata chaja ya haraka inayotoa wastani wa kilowati 120, atagawanya 36 kwa 120 na kupata saa 0.3, sawa na dakika 18. Huo ni muda wa kunywa chai na kunyoosha miguu. Mbona asingoje hadi asilimia 100? Kwa sababu betri ikikaribia kujaa, kasi ya kuchaji hupunguzwa ili isipate joto kupita kiasi na kuharibika. Ndiyo maana wasafiri wengi huishia kwenye asilimia 80 na kuendelea na safari.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Mwenye gari anayechaji kwake usiku, chaja ikimsumbua, atajaribu tena kesho. Msafiri aliye kati ya miji miwili hana kesho ya namna hiyo. Chaja ikikataa, amekwama.

Funzo kutoka Marekani

Mwaka 2021, Marekani ilipitisha sheria iliyotenga dola bilioni 5 za kujenga vituo vya kuchaji kando ya barabara kuu. Mwaka 2022, watafiti akiwemo David Rempel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo ya kazi iliyohitaji subira zaidi kuliko fedha. Walizunguka katika eneo la ghuba ya San Francisco, wakaenda kwenye vituo 181 vya umma vya kuchaji kwa haraka na kuijaribu kila chaja yenye plagi ya aina ya CCS. Zilikuwa 657.

Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5. Nyingine skrini zilikuwa zimezima, nyingine hazikukubali malipo, nyingine zilikosa mtandao, nyingine plagi zilikuwa zimevunjika. Kuna hata zile ambazo kebo yake ilikuwa fupi mno kufika kwenye gari. Wakati huo huo, kampuni zenye chaja zilikuwa zikitangaza kuwa mitambo yao iko kazini kati ya asilimia 95 na 98 ya muda wote.

Sasa tumia ulichojifunza kuhusu uwezekano. Tuseme safari ina vituo vitatu vya lazima, kila kimoja kina chaja moja tu, na kila chaja ina uwezekano wa 0.725 wa kufanya kazi. Uwezekano wa msafiri kufaulu katika vituo vyote vitatu ni 0.725 × 0.725 × 0.725, yaani kama 0.38. Kati ya safari 100, ni 38 tu zitakazokwenda bila tatizo.

Sasa weka chaja nne katika kila kituo, zikiwa na ubovu ule ule. Kituo kitamwangusha msafiri endapo zote nne zimeharibika: 0.275 × 0.275 × 0.275 × 0.275, ambayo ni kama 0.006. Uwezekano wa kufaulu katika kituo kimoja unapanda hadi 0.994, na katika vituo vyote vitatu unakuwa takriban 0.98. Chaja ni zile zile mbovu, lakini msafiri amefika. Kilichobadilika ni mpangilio.

Zingatia jambo moja ambalo mtahini makini angekuuliza. Hesabu hii inachukulia kuwa chaja zinaharibika kila moja kivyake, yaani ni matukio huru. Umeme ukikatika katika mji mzima, au mtandao wa malipo ukianguka, chaja zote nne huzima kwa pamoja. Basi wingi wa chaja kituoni husaidia dhidi ya kebo iliyovunjika. Dhidi ya giza la mji mzima hausaidii. Tutalirudia jambo hili.

Asilimia inayoficha

Mwaka 2023, Marekani iliweka kanuni za vituo vinavyojengwa kwa fedha zile. Kila kituo kiwe na angalau chaja nne za kilowati 150 kila moja, kwa umbali usiozidi takriban kilomita 80 kutoka kimoja hadi kingine, na kila chaja iwe kazini kwa zaidi ya asilimia 97 ya muda. Kanuni ya chaja nne ni ya busara, na tumeona kwa nini. Asilimia 97 nayo inasikika vizuri sana. Lakini mwaka una saa 8,760, na asilimia 3 ya saa hizo ni takriban saa 263, karibu siku kumi na moja.

Halafu kuna maandishi madogo. Katika kukokotoa asilimia hiyo, saa fulani huondolewa: saa ambazo kampuni ya umeme imekatiza huduma, saa za matengenezo yaliyopangwa, saa ambazo chaja imeharibiwa na wahalifu, na nyinginezo. Mwenye kituo ana sababu yake ya kutaka iwe hivyo, kwani si yeye aliyeiba kebo. Lakini jiweke katika nafasi ya msafiri. Mwizi amekata kebo ili auze shaba. Gari haliwezi kuchaji. Watoto wamechoka na usiku unaingia. Kitabuni, kituo bado kina asilimia 97. Ripoti imefaulu, msafiri amefeli.

Uingereza ilichukua hatua kali zaidi. Kuanzia Novemba 2024, kila kampuni yenye chaja za haraka inatakiwa mtandao wake ufanye kazi kwa asilimia 99 ya muda kwa mwaka, na kuna faini kwa anayekiuka. Sheria hiyo pia inadai kuwe na simu ya msaada saa 24 na malipo ya kugusisha kadi tu. Naipongeza. Hata hivyo, asilimia 99 hiyo ni wastani wa mtandao mzima wa kampuni. Wewe unajua hatari ya wastani: darasa linaweza kuwa na wastani wa B huku mwanafunzi mmoja ana E. Ukipita kwenye barabara yenye chaja iliyopata E, wastani wa kampuni haukusogezi hata mita moja.

Sisi tufanye nini?

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Hatuwezi kunakili kanuni za Marekani au Uingereza neno kwa neno. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, na magari ya umeme katika njia hiyo bado ni machache. Huo ndio wakati mzuri wa kupanga, kwa maana ni rahisi kuchora ramani kuliko kung'oa mitambo. Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, tuanze na vituo vichache vyenye chaja kadhaa kila kimoja, badala ya kutawanya chaja moja moja kila mji ili tupate picha ya ufunguzi. Ni afadhali Mtito Andei iwe na chaja nne zinazoaminika kuliko miji minne iwe na moja moja ambazo dereva anaziombea dua.

Pili, vituo vya barabara kuu viwe na betri zake za akiba, na paneli za jua panapowezekana. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipotea karibu nchini kote kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Siku kama hiyo chaja nne zisizo na akiba ni sawa na sifuri. Betri ya kituo haitahudumia magari mia, lakini inaweza kumpa kila aliyekwama chaji ya kumfikisha mji unaofuata.

Tatu, tutumie kitu ambacho wenzetu wengi hawana: watu. Vituo vingi vya kuchaji huko Marekani viko katika maegesho ya maduka, na hakuna anayevilinda wala kumsaidia dereva. Kwetu, kituo cha petroli kina mhudumu anayekutilia mafuta, na mara nyingi mlinzi wa usiku. Tukiweka chaja hapo, mhudumu anaweza kuijaribu kila asubuhi, kulinda kebo, na kupiga simu skrini ikizima. Wizi wa mafuta ya transfoma umetufundisha kwamba chombo cha umeme kisicho na mlinzi ni mali ya mwizi. Malipo nayo yawe ya M-Pesa moja kwa moja, bila kumlazimisha msafiri kupakua programu ya kila kampuni.

Kuna watakaopinga. Watasema magari ni machache, hivyo chaja nne mahali pamoja zitakaa bila kazi na mwekezaji atapata hasara. Hoja hiyo ina uzito, na sitaidharau. Lakini tazama mambo yanavyofuatana: watu hawanunui gari wasiloliamini, na anayekwama njiani mara moja huwasimulia jamaa na majirani mwaka mzima. Chaja moja isiyoaminika haileti wateja; huwafukuza. Wengine watasema njia ni kubadilisha betri, kama wafanyavyo waendeshaji wa boda boda za umeme Nairobi na Kigali. Kwa pikipiki, nakubali kabisa, kwa maana betri yake hubebeka kwa mkono. Betri ya gari huwa na uzito wa mamia ya kilo, na kila kampuni huiunda kwa umbo lake.

Mtahiniwa mpendwa, baada ya miaka michache baadhi yenu mtakuwa mafundi wa mitambo hii, wengine wahasibu wa kampuni za umeme, wengine maafisa wa kaunti wanaotia sahihi zabuni, na wote mtakuwa wapiga kura. Mtu atakuja mbele yenu na kutangaza kuwa amejenga chaja mia moja. Msimpigie makofi bado. Muulizeni ngapi zilifanya kazi jana usiku, ni nani aliyezijaribu, na aliyekwama alipewa msaada gani. Wingi si hoja. Hoja ni msafiri aliyefika.

Jipime

1. Safari ina vituo vitano, kila kimoja kikiwa na chaja moja yenye uwezekano wa 0.97 wa kufanya kazi. Tafuta uwezekano wa kufaulu kuchaji katika vituo vyote vitano.

2. Mwandishi anatofautisha ripoti ya kituo na hali ya msafiri. Eleza tofauti hiyo kwa maneno yako mwenyewe.

3. Andika aya moja ukipinga pendekezo la kwanza la mwandishi. Toa sababu mbili.