Kilindi hakiko mbali na Kipushi

Mtoto wa Kipushi akiketi mbele ya kompyuta, akaanza kuishusha nyambizi ya mchezo kuelekea mabaki ya meli, hakosi mtu mzima wa kusimama mgongoni mwake na kuuliza: bahari iko wapi huku kwetu? Nimelisikia swali hilo kwa majirani, kwa walimu na kwa wazazi wanaohesabu umeme na megabaiti. Wana sababu zao. Kipushi ni mji wa madini, kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mlangoni pa Zambia. Pwani pekee ya nchi yetu, Kongo, ile ya Muanda, iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Wanaona heri mtoto ajifunze hesabu, au ufundi wa kuchomelea, kuliko kuzurura ndani ya meli ya Wazungu iliyozama Atlantiki kabla babu yake hajazaliwa.

Siikubali hoja hiyo, na kosa lake la kwanza naliona katika neno "mbali".

Chini ya mji huu kuna mgodi ulioanza kuchimbwa mwaka 1924, enzi za kampuni ya Union Minière, ukiitwa Prince Léopold. Hadi kampuni ya Gécamines iliposimamisha kazi mwaka 1993, ulikuwa umetoa takriban tani milioni 60 za mawe yenye zinki na shaba. Mwamba wake ni dolomiti ya Kakontwe, mwamba wenye nyufa unaobeba maji mengi. Kwa hiyo mgodi ule haukuwa mkavu kwa asili yake. Ulikuwa mkavu kwa sababu pampu hazikulala. Hata baada ya uchimbaji kusimama, pampu ziliendelea kuvuta miaka na miaka, mpaka mwanzoni mwa 2011 zikashindwa. Maji yakapanda hadi mita 851 kutoka juu ya ardhi, na ngazi ya mita 1,150 ikazama. Kuyarudisha chini ya ngazi hiyo kulichukua hadi Desemba 2013, na zinki haikutoka tena mpaka 2024.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Toa 851 katika 1,150, utapata 299. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Basi mtambo uliobaki kwenye ngazi ile ulibanwa kwa nguvu ya mara 30 hivi ya hiyo tunayoizoea. Titanic, iliyozama tarehe 15 Aprili 1912, imelala kwenye kina cha mita 3,800 hivi, ambako nguvu hiyo ni mara 380: kama kilo 380 juu ya eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Tarakimu zinapishana sana, lakini kanuni ni moja. Mji wetu nao ulikuwa na chombo chake kilichozama, kilichojengwa na watu kwa miaka 70 kisha kikamezwa na maji meusi, na wazee waliokitumikia bado wanakaa vibarazani. Anayesema kilindi hakimhusu mtoto wa hapa amesahau anakanyaga nini.

Kosa la pili ni kudhani kwamba habari za meli hazijapita huku kwetu Katanga. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town. Zilipita hapa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, zikafika Fungurume, na huko reli ikaisha. Zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Zilipoingia Ziwa Tanganyika zikaiteka Kingani ya Wajerumani mwezi Desemba, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe wakaizamisha Graf Götzen karibu na Kigoma ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924, mwaka ule ule Kipushi ilipoanza kuchimbwa, Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyokaa miaka chini ya maji ikafufuka kwa sababu ya fundi mwenye kopo la grisi! Habari hiyo ni ya ziwa letu, lenye kina cha mita 1,470, ambalo chini huko maji yake hayana hata oksijeni. Sioni kwa nini tuwaachie watu wa Atlantiki habari zote za meli zilizozama.

Sasa niugeukie mchezo wenyewe. Simtetei kila mtengenezaji. Ipo michezo ambayo bahari yake ni pambo tu, papa huku na dhahabu kule, na mchezaji hashushi kitu ila kidole. Hiyo mzazi akiizima sitamlaumu. Ninayoitetea ni ile inayoiga kazi. Tangu 1989 ulikuwapo mchezo ulioitwa Search for the Titanic, ambao mchezaji wake alitakiwa kwanza atafute fedha, aandae meli na vifaa, ndipo aende kutafuta. Katika michezo ya namna hii mtoto hukutana na mambo ambayo somo la fizikia humwambia bila kumwonyesha. Sauti husafiri katika maji ya bahari kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwito uliotumwa chini hadi Titanic hurudi baada ya sekunde tano. Zihesabu kimya kimya uone zilivyo ndefu kwa mtu anayesubiri gizani. Betri inayomtosha kushuka si lazima imtoshe kupanda. Akikosea hesabu, anapoteza chombo.

Na kuna namna ya kutafuta. Watafiti Robert Ballard na Jean-Louis Michel walipoyaona mabaki ya Titanic tarehe 1 Septemba 1985, hawakuwa wakiitafuta meli nzima. Ballard alikuwa amejifunza, kwa kuchunguza nyambizi mbili za Marekani zilizozama, kwamba chombo kinachovunjika huacha mkia mrefu wa vipande sakafuni. Ukipata mkia, ufuate. Nilipolisoma hilo nilikumbuka ua la shaba, lile la zambarau linaloota kwenye vilima vyetu ambako miti inakataa, kwa kuwa udongo umejaa madini. Watafuta madini wa Katanga walisoma ua hilo kabla ya kugusa sururu. Mtoto aliyezoea kutafuta alama ndogo ya kitu kikubwa kisichoonekana anafanya kazi ya mjiolojia, hata kama mkononi ameshika maneti ya kuchezea.

Wengine hunijibu kwa mkasa wa Titan, nyambizi iliyopasuka tarehe 18 Juni 2023 ikiwa na watu watano, iliyoendeshwa kwa maneti ya michezo ya video. Wanasema: umeona, mchezo umeua. Lakini maneti haikuua mtu. Kilichovunjika ni mwili wa chombo, uliotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na uchunguzi wa walinzi wa pwani wa Marekani uliotolewa mwaka 2025 ulisema msiba ule ungeweza kuzuiwa, kwa kuwa usanifu, upimaji na matengenezo havikutosha. Watu walionywa, wakashuka. Nasi hapa tunajua habari ya kushuka bila kupima. Juni 2019, karibu na Kolwezi, kuta za mgodi ziliwaangukia wachimbaji wadogo na zaidi ya 40 wakafa. Simaanishi kwamba mchezo wa kompyuta ungewaokoa. Umaskini ndio uliowashusha. Ninasema kijana wa Katanga anayejifunza mapema kwamba kina kina hesabu yake, na hesabu hiyo haimhurumii jasiri, hajapoteza jioni yake.

Pingamizi moja huniingia moyoni. Mama mmoja aliniuliza: wale waliokufa mle, mnacheza juu yao? Katika Titanic walikufa watu wapatao 1,500. Sisi tuna MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, iliyozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na tuna boti Merdi iliyopinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024. Nilimjibu mama huyo kwamba mchezo wa Merdi nisingeutaka, si leo, watu wa Kivu wangali wanalia. Kuna matanga ambayo hayajaanuliwa. Lakini mtu anayezunguka mabaki ya kale kwa picha, bila kugusa, bila kuchukua sahani wala kiatu, amewaheshimu marehemu kuliko wale walioshuka kweli na kupandisha vyombo vyao ili viwekwe kwenye maonyesho. Kutazama kwa adabu nako ni kukumbuka. Sharti mchezo utaje kwamba walikuwamo watu.

Ninachokitaka ni mchezo wetu wenyewe, na nimeufikiria muda mrefu. Uanze mwaka 2011, Kipushi. Maji yako mita 851. Chini yake kuna giza, na mzee mmoja aliyefanya kazi ya pampu anazijua njia zote kwa kichwa. Mchezaji ana kamba, pampu mbili za kuzamishwa, umeme unaokatika, na daftari. Achague kushusha pampu ya kwanza, au akae kwanza na yule mzee.