Faili Inapogoma Kufutika

Huenda kisa hiki kimekwisha kukufika. Diski ya kompyuta ya nyumbani imejaa pomoni, binti yako ana kazi ya chuo anayotaka kuihifadhi usiku huu huu, nawe umeona filamu moja ya zamani ambayo hakuna aitazamaye tena. Unabonyeza Delete. Kompyuta inakujibu kuwa haiwezi, eti faili hiyo inatumiwa na programu nyingine. Unatazama huku na huku, na hakuna programu uliyoifungua!

Mara nyingi kompyuta haisemi uongo. Katika Windows, programu ikifungua faili, huweza kuitia kufuli ili mwingine asiiondoe ikingali inatumika. Taabu ni kwamba baadhi ya programu hufungwa machoni pako tu, lakini nyuma ya pazia zinaendelea na shughuli zake. Hata ile sehemu ya kando inayokuonyesha faili kabla hujaifungua inaweza kuwa ndiyo iliyoishikilia. (Walio na Linux hawana shida hii. Wao hufuta jina la faili hata ikiwa imefunguliwa, na nafasi yake hurudi programu ya mwisho ikishaiachilia.)

Basi usianze kwa nguvu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha la Task Manager litafunguka. Tafuta programu ya kuchezea video, uikomeshe. Usikomeshe yoyote usiyoijua kwa jina. Ukitaka kumjua hasa mshikaji, fungua Resource Monitor, uende sehemu ya CPU, kisha uandike jina la faili katika kisanduku cha kutafutia kilicho kando ya Associated Handles.

Ikishindikana, anzisha kompyuta upya. Lakini sikiza vizuri: katika Windows 10 na 11, kuzima na kuwasha si lazima kuwe sawa na kuchagua Restart. Katika kompyuta nyingi, ukizima kwa kawaida, Windows huweka hali ya kiini chake kwenye diski ili kesho iamke upesi, kwa hivyo baadhi ya matatizo huamka nayo. Restart huanza upya kabisa.

Kuna faili zinazokataa kwa sababu nyingine kabisa. Folda zikipachikwa moja ndani ya nyingine mpaka anwani ya faili ikapita herufi 260 hivi, Windows huchanganyikiwa. Yape majina ya folda hizo herufi moja moja, kisha ufute. Na ukikuta faili kubwa ziitwazo pagefile.sys au hiberfil.sys, ziache hapo zilipo. Hizo ni za Windows yenyewe.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni ile faili inayofutika, kisha ikarudi. Mwanafunzi ametoka kuchapisha kazi yake mjini, akachomeka flashi nyumbani, akakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato. Anazifuta, zinarejea. Kwa hasira anaisafisha flashi nzima kwa Format, na tasnifu yake inakwenda nayo!

Kumbe kazi yake ilikuwa humo humo. Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakili faili. Huzificha tu, kisha huweka njia za mkato za uongo ili uzibofye nacho kipate kuingia kwenye kompyuta. Kwa hivyo usizibofye. Safisha kompyuta kwanza kwa kinga ya virusi iliyo ndani ya Windows, halafu flashi, la sivyo utakuwa unateka maji kwa pakacha. Kisha fungua Command Prompt na, ikiwa flashi imepewa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu Enter. Folda zilizofichwa zitajitokeza. Zinakili mahali pengine, uzifungue moja moja kuhakikisha ni nzima, na hapo ndipo unaweza kuisafisha flashi.

Zile programu za bure za mitandaoni zinazojigamba kufuta chochote, ziepuke. Baadhi huja na wageni ambao hukuwaalika, na hao kuwafukuza ni kazi nyingine.

Jumapili ijayo: jinsi ya kutafuta faili uliyoifuta kwa bahati mbaya.