Je, umbo la mwili linaeleza nguvu ya mapafu?

Nchini Korea Kusini, mtu mwenye kikohozi anaweza kwenda hospitali ya kawaida au kwa daktari wa tiba ya jadi. Huyu wa pili naye amesoma chuo kikuu miaka 6 na ana leseni ya serikali. Anaweza kuanza kwa kuangalia umbo, sauti, jasho na hamu ya kula ya mgonjwa, kisha kumwambia yuko kundi gani kati ya makundi manne ya watu.

Makundi hayo yalielezwa na tabibu Lee Je-ma katika kitabu cha mwaka 1894. Alifundisha kwamba kila mtu huzaliwa na kiungo kimoja chenye nguvu na kingine dhaifu. Taeyang ana mapafu yenye nguvu na ini dhaifu. Taeeum ni kinyume chake. Soyang ana wengu wenye nguvu na figo dhaifu. Soeum ni kinyume chake. Kwa hiyo Taeeum, ambaye mara nyingi ni mtu wa mwili mkubwa, ndiye hutajwa kuwa mwepesi wa kuugua kifua.

Je, ni kweli? Nguvu ya mapafu hupimika. Mtu huvuta pumzi hadi mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu zote kwenye mrija wa mashine. Mashine huonyesha hewa yote iliyotoka, na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza.

Hapa ndipo tunapohitaji uangalifu. Mafuta mengi ya tumbo na kifua huyabana mapafu yasitanuke vizuri. Basi Taeeum akipuliza hewa kidogo, huenda sababu ni uzito wake, wala si kundi alilozaliwa nalo. Utafiti usiotenganisha uzito, umri na sigara hauwezi kumaliza swali hilo.

Tofauti hii si ndogo. Uzito unaweza kupungua na sigara inaweza kuachwa. Lakini anayeamini kwamba alizaliwa na mapafu dhaifu anaweza kukaa na ugonjwa unaotibika.

Nasi huku husikia watu wakisema, "Kifua hiki ni cha ukoo wetu." Moshi wa kuni na kifua kikuu havichagui ukoo. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya ukapimwe.