Mashine ya kamari dukani: faida ni ya nani?

Mwenye baa akiletewa mashine asiyoinunua wala kuigharimia matengenezo, kisha akaahidiwa nusu ya mapato, hesabu ya haraka humwambia akubali. Mtaji sifuri, fedha kila wiki. Ndivyo walivyohesabu wenye baa wengi wa Chicago na vitongoji vyake, Cicero na Berwyn, kabla ya mwaka 2012.

Mashine zile za poka ya video zilibandikwa maandishi kuwa ni za burudani tu. Mshindi hakulipwa na mashine; mhudumu wa baa alimlipa kimya kimya, kisha akafuta pointi zake. Mwenye mashine alipokuja, fedha zilihesabiwa na kugawanywa bila stakabadhi.

Biashara ya namna hii haina mahakama. Mwenzako akivunja makubaliano, huwezi kumshtaki. Mshindani akiingia eneo lako, humshindi kwa bei. Februari 2003 bomu lililipuliwa Berwyn kwenye kampuni ya mashine iliyokuwa ikishindana na genge. Michael Sarno, mmoja wa vigogo wa genge la Chicago, alitiwa hatiani mwaka 2010 katika kesi iliyohusu mlipuko huo, na mwaka 2012 akafungwa miaka 25. Kihasibu, bomu lile lilikuwa gharama ya kulinda soko.

Jimbo la Illinois lilipitisha sheria mwaka 2009, na mashine halali zikawashwa Oktoba 2012, zote zikiwa zimeunganishwa na mtambo mkuu unaosimamiwa na serikali. Kodi ilianza kwa asilimia 30. Tangu Julai 2024 ni 35. Kinachobaki, mwenye mashine na mwenye baa hugawana sawa. Mgawo ni ule ule wa zamani! Kilichoongezeka ni mtu wa tatu anayesoma mita.

Wapo wanaosema huko ni kubariki kamari. Wana hoja, maana mshahara ulioliwa na mashine halali nao haufiki nyumbani. Hata hivyo, kati ya mashine inayosomwa na isiyosomwa, mimi nachagua inayosomwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka leseni. Ndugu mfanyabiashara, ukiletewa dubwi dukani, uliza leseni iko kwa jina la nani, nani ana ufunguo wa sanduku la fedha, na mgawo utaandikwa wapi. Ukijibiwa kwamba hayo yatazungumzwa baadaye, mashine irudi kwenye gari lililoileta.