Sanamu ndani ya kampusi: maganda ya risasi yafundishe nini?

Mchongaji Freddy Tsimba ni mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 1967. Alimaliza masomo kwenye Académie des Beaux-Arts mwaka 1989, akajifunza pia kazi ya moto na chuma kwa mafundi. Lakini kitu anachotumia, raia wa mashariki wanakijua vizuri: maganda ya risasi. Anayachomelea moja moja mpaka yanakuwa mwili wa mtu.

Sanamu yake moja iko fasi ya wazi kule Ixelles, Ubelgiji, mtaa wa Matonge, tangu 2007. Ingine, Porteuse de vies, iliwekwa Paris mwaka 2018 kwenye jumba la Chaillot, pale Tangazo la Haki za Binadamu lilipitishwa mwaka 1948. Basi mpita njia wa Paris anasimama mbele ya vita vya Congo. Na mwanafunzi wa huku je?

Tuchukue Kisangani. Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji. Mwaka 2022, Mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake. Wengi wanaosoma leo chuo kikuu pale walikuwa hawajazaliwa. Sanamu haiwezi kulipa fidia ya mtu. Ila inamlazimisha kijana kuuliza: haya maganda yametoka wapi?

Goma ilishatoa somo. Ile sanamu ya mtu anayesukuma chukudu raia wanaijua kama yao, sababu inaonyesha jasho lao wenyewe, si la mkubwa fulani.

Njo maana kampusi inayotaka sanamu isianze na bei. Ianze na watu: wanafunzi, familia zilizofiwa na msanii wa mji wakae pamoja kabla ya kuchagua sura. Mkataba uandikwe, useme nani atatunza, sababu shaba inavumilia mvua lakini chuma cha ndani kinakula kutu. Na maganda yakaguliwe na wataalamu mbele ya kuguswa na moto. Risasi ambayo haijalipuka ingali inaua.

Bila hayo, msanii atalipwa, wakubwa watakata utepe, na kisha miaka miwili wanafunzi watakuwa wanaanika nguo juu ya sanamu.